Samli Juu ya Mkanda wa Feni

Tangu nirudi kutoka Geita, kila mwenzangu katika chumba cha walimu amekuwa na swali lake. Mwalimu wa hesabu anataka kujua kwa nini motokaa yangu inanukia kama jiko la harusi. Mke wa mwalimu mkuu ameuliza, kwa upole wake wa kawaida, kama najua kwamba kioo changu cha kutazamia nyuma kimeelekea juu na kinatazama bati. Na jirani yangu, ambaye ni mtu wa nyama, huinama juu ya ua wangu kila Jumamosi na kuuliza nitamchinja lini yule tetea mwekundu anayetembea uani kwangu kama mkaguzi wa shule. Nimejaribu kuwajibu kwa mdomo, lakini kila nikifika mahali pazuri kengele inalia na watu wanatawanyika. Basi nimeketi kuandika. Maswali yote hayo yana jibu moja, na jibu hilo ni refu kama barabara yenyewe.

Kwanza yawapasa kujua jambo la nyumbani, hasa ninyi mliotoka pwani na Ujiji. Kwetu Usukumani mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Wapo wanaolegeza mambo haya watoto wakishazaliwa. Mama mkwe wangu si wa kulegeza. Nimemwoa binti yake miaka mingi, tuna watoto wanaosoma, na hata leo ningeulizwa sura ya mama yule ningeeleza kaniki yake na visigino vyake.

Uani kwangu, kabla ya kuondoka

Shemeji yangu Minza, mdogo wa mke wangu, ameolewa Geita na fundi seremala wa mgodini aitwaye Salum. Mimba zake zilizotangulia hazikufika mwisho. Hii ya sasa ilifika, na siku zilipokaribia akatuma salamu kwa mdomo wa dereva wa lori: mama aje, asipokuwepo mama mlangoni, yeye hataweza. Mama mkwe alipopata salamu hizo alifunga mzigo wake siku ileile, akaja kukaa kwetu Shinyanga mjini kungoja usafiri. Huo ulikuwa msimu wa kununua pamba, na malori yote yalikuwa yamejaa pamba mpaka juu ya kichwa cha dereva. Mke wangu alikuwa na mtoto wetu mdogo mwenye surua. Kwa hiyo macho ya nyumba nzima yakanigeukia mimi na motokaa yangu.

Motokaa yenyewe ni ndogo, nyeusi, na wakati huo ilikuwa inalia. Simaanishi honi. Kila nilipoiwasha, na kila nilipokanyaga mafuta, ilitoka chini ya boneti sauti nyembamba, ndefu, kama mtu anayeburuta kiti juu ya saruji akiwa na hasira. Kilichokuwa kikilia ni mkanda wa feni, ule ukanda wa mpira unaozungusha feni, dainamo na pampu ya maji.

Nilijua dawa yake. Ninacho kitabu cha motokaa, na nimekisoma kuliko baadhi ya vitabu nilivyofanyia mtihani kule Kampala. Kinasema ubonyeze mkanda kwa kidole gumba pale unapopita mbali zaidi kati ya magurudumu yake. Uingie kidogo tu kisha ukatae. Wangu uliingia kama godoro. Nikalegeza nati za dainamo, nikaivuta nje kwa nondo, mkanda ukanyooka, nikakaza. Nikawasha: kimya. Nikamwita mke wangu atoke kusikiliza kimya changu. Bahati mbaya boliti ya dainamo imelika meno, na wakati mke wangu anafuta mikono na kutoka jikoni, dainamo ilikuwa imekwisharudi polepole mahali pake pa zamani. Motokaa ikapiga ukelele uliowarusha kunguru.

“Baba Ngolo,” akasema mke wangu, “hiki ndicho kimya mnachofundishwa Kampala?”

Nikamwambia boliti mpya itatafutwa Mwanza, na kwamba kilio hakimzuii mtu kufika.

Shinyanga mpaka Mwadui

Tuliondoka asubuhi na baridi ya kiangazi. Mbele karibu nami alikaa Masanja, kaka wa mke wangu, anayefanya kazi mgodi wa almasi Mwadui. Alikuwa amekuja likizo na aliahidi kutusindikiza mpaka Geita, ili awe mtu wa tatu. Nyuma alikaa mama mkwe, kaniki yake imeshushwa mpaka kidevuni, katikati ya mzigo wake: kibuyu cha samli ya uji wa mzazi, kikapu cha karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mwiko mpya wa mti mgumu, na tetea mwekundu aliyefungwa miguu, wa supu ya siku ya kwanza. Mimi nilikigeuza kioo cha ndani kikatazama juu, nisije nikauona uso wake kwa bahati mbaya. Ndiyo sababu nilisafiri njia nzima bila kujua kilichokuwa nyuma yangu, na lori moja lililotaka kupita lilinipigia honi muda mrefu nikidhani ni mkanda umebadili wimbo.

Mazungumzo yalikwenda hivi.

“Masanja, muulize mwenye motokaa kama amekula.”

“Shemeji, mama anauliza umekula?”

“Mwambie nimekula, nashukuru.”

“Mama, amekula, anashukuru.”

Sote tulikuwa tumesikia kila neno mara mbili, na tuliridhika.

Karibu na Kolandoto, pale barabara inapopita jirani na hospitali ya misheni, nilipunguza mwendo kuwapisha ng'ombe, kisha nikakanyaga mafuta tena. Motokaa ikalia kwa uchungu wote iliokuwa nao. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi kando ya njia akiuza viazi akasimama, akajishika kiuno, akatukazia macho, akapaza sauti:

“Mnyonyesheni mtoto huyo! Mnampeleka wapi na njaa?”

Masanja akacheka mpaka akajigonga kichwa. Nyuma yangu nilisikia kitu nilichokuwa sijapata kukisikia maisha yangu yote: pumzi fupi iliyobanwa ndani ya kaniki. Nilidhani ni kikohozi. Sasa ninaamini ilikuwa kicheko.

Mwadui tulisimama kwenye uzio. Masanja alishuka ili amwarifu msimamizi wake, akarudi ameinamisha uso. Mwenzake wa zamu ameugua, likizo imekatwa, aingie kazini siku hiyohiyo. Alimweleza mama yake, akanieleza mimi, akatuomba radhi sote wawili kwa zamu, kisha lango likafunguliwa, akaingia.

Nilibaki nimeshika usukani. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, na utupu ule ulikuwa mkubwa kuliko Masanja mwenyewe. Niliwaza kurudi. Niliwaza kumtafuta mtu yeyote pale langoni, hata mpita njia, nimwombe akae tu katikati yetu. Jua lilipanda. Mashine za mgodi zilinguruma ng'ambo ya uzio, zikiosha udongo wa watu wengine. Ndipo sauti ikatoka nyuma, ndogo, kavu, isiyo na haraka.

“Kuku,” ilisema.

Tetea akakoroma.

“Kuku, mwenye motokaa anangoja nini hapa? Minza hatangoja.”

Nikageuza uso dirishani na kusema, “Kuku, mwambie mama tunaondoka.”

Mwadui mpaka Mabuki

Sijui kama mmepata kusafiri katika nchi ile wakati wa kiangazi, pamba ikiwa imekwisha chumwa na vishina vimebaki. Ardhi ni tambarare mpaka macho yanachoka, halafu ghafla mawe makubwa yanasimama kama ng'ombe waliolala, na joto likizidi mawe hayo yanaachana na ardhi na kuelea. Nilikuwa naendesha kuelekea mawe yanayoelea, nyuma yangu sauti ya mwanamke nisiyemwona ikizungumza na kuku, na mkanda ukilia juu ya yote. Mara mbili nilijifinya mguu kuhakikisha sijalala.

Mama mkwe, kumbe, ni msemaji. Alimwambia kuku mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniambia: kwamba mke wangu alichelewa kutembea, kwamba baba mkwe, marehemu, aliogopa radi, kwamba Minza alizaliwa mchana wa jua kali kama huu, njiani, wakitoka mnadani, na kwamba tangu hapo mtoto yule hajui kungoja. Mimi nilimjibu kuku kwa adabu. Nilimwambia kuku habari za shule. Kuku alikoroma kwa wakati wake, na pale asipokoroma yeye mkanda ulilia, ikawa kama kuna mtu wa nne anayekubaliana na kila kitu.

Mbele kidogo ya Maganzo mama akanyamaza akiusikiliza mkanda. Kisha akasema:

“Kuku, mwambie mwenye motokaa kitu hiki kimekauka. Kamba ya ngozi ya kukokotea plau ikikosa mafuta hulia hivihivi. Nyuma hapa kuna samli. Apake.”

Wenzangu, nilijua. Nataka mwelewe kwamba nilijua. Kitabu changu kina ukurasa mzima juu ya jambo hilo: mkanda wa mpira hushika kwa ukavu wake, ukiupaka mafuta utateleza, feni haitazunguka, pampu haitasukuma maji, injini itachemka. Ningeweza kuichora picha yake ubaoni. Lakini tazameni mahali nilipokuwa. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kuniomba hata maji ya kunywa, ametoa samli ya uji wa binti yake akaipa motokaa yangu. Ningemtuma kuku amwambie nini? Kwamba mkwewe anamwona hajui kitu? Hakuna njia kwetu ya kumwambia mama mkwe hapana. Lugha tunayo, lakini sentensi hiyo haikupata kutengenezwa.

Na tena, niseme kweli, jua lilikuwa kali, mawe yalikuwa yanaelea, na kidogo moyoni nilianza kuwaza kwamba huenda kitabu kimeandikwa na mtu asiyejua samli ya Usukumani.

Nikasimama. Kibuyu kikapitishwa juu ya kiti, mkono ukiwa umefunikwa kaniki. Nikaupaka mkanda samli, pande zote, kwa heshima, kama mtu anayempaka mtoto baada ya kuoga. Nikawasha.

Kimya.

Kimya chenyewe kilikuwa kitamu sana. Motokaa ilikwenda kama inateremka, ingawa barabara ilikuwa sawa. Nilisikia upepo, nilisikia njiwa, nilisikia mchanga ukipita chini ya magurudumu. Nyuma mama mkwe akashusha pumzi ya mtu aliyefanya kazi yake. Lakini muda ukapita na hakuna aliyesema neno. Nikatambua kwamba kilio kile kilikuwa kimetufunika kama pazia. Kila mmoja alikuwa akisema nyuma yake. Sasa hata kumeza mate kulisikika. Kuku naye alilala.

Kisha nikanusa kitunguu. Hapakuwa na kitunguu. Ilikuwa samli iliyokuwa ikikaangwa juu ya injini, nzuri kabisa, na tumbo langu likanguruma mbele ya mama mkwe, jambo ambalo nadhani nalo ni mwiko. Watu waliokuwa waking'oa vishina vya pamba kando ya barabara waliinua vichwa na kutufuata kwa pua. Mabuki tulipita katikati ya mbwa. Na kabla ya nyumba za mwisho, mvuke mweupe ukapanda mbele ya kioo, na nikaacha kuiona barabara.

Mabuki mpaka kivukoni

Kuanzia hapo tulisafiri kwa kuchemka. Tulikwenda kidogo, tukachemka, tukasimama, nikaenda kuomba maji. Watu wa vijiji vile ni wema, lakini maji ni ya kiangazi, na kila mahali ilinipasa kusalimu kwanza kwa utaratibu, kuulizwa ukoo, kuulizwa motokaa hiyo imebeba karamu ya nani. Bibi mmoja alinipa maji na kunishika mkono asiniachie. Alikuwa amenusa samli, akaamini tunapeleka chakula cha harusi, na akataka kujua kwa nini yeye hakualikwa. Nilimwapia hakuna harusi. Alimtazama mama mkwe aliyejifunika kaniki ndani ya motokaa. “Na bwana harusi ndiye wewe?” akauliza. “Umezeeka.” Nilimwachia michembe ili aniachie mkono.

Tulilala Misungwi kwa watu wa ukoo wa mama mkwe. Yeye alilala ndani. Mimi nililala ndani ya motokaa, na paka wote wa mji ule walilala juu ya boneti.

Asubuhi, tulipoanza tena kusimama, mama mkwe aliuliza mara moja tu.

“Kuku, motokaa ina nini?”

“Kuku, mwambie mama ina kiu. Ni joto.”

Kulikuwa na baridi. Ukungu wa ziwa ulikuwa umelala juu ya mashamba. Nilimsikia akizungusha uzi wa kikapu vidoleni, akiuzungusha, akiuachia. “Kuku,” akasema baadaye, na sauti yake ilikuwa imepungua, “mtoto wangu amekwisha kuanza. Najua mimi. Mgongo wangu unaniambia.”

Nilikanyaga mafuta, na motokaa ikachemka.

Kivukoni

Pale mkono wa ziwa unapoingia bara, barabara inashuka majini na watu wanangoja pantoni. Palikuwa na malori, wauza samaki, wanawake wenye kuni vichwani, na wachimbaji wenye masanduku ya bati wakirudi Geita kutafuta dhahabu ambayo hawakuiacha huko. Matete yalisimama wima katika ukungu na pantoni halikuonekana. Lilisikika tu, ng'ambo, likifikiri. Nilinunua sato wa kukaanga kwenye jani, nikamwekea mama mkwe juu ya boneti la mbele, nikaenda kutazama ziwa ili aweze kula. Niliporudi, jani lilikuwa tupu na dereva wa lori alikuwa amesimama amekiingiza kichwa chini ya boneti langu.

Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, jina lake Bakari, Mzaramo. Mnajua Wazaramo na Wasukuma ni watani, na mtani hana breki.

“Nani,” alisema kwa sauti ya kuhutubia soko, akiinua kidole kinachong'aa, “nani mjinga aliyeukaanga mkanda huu?”

Watu wakasogea. Akanusa kidole chake, akakilamba.

“Samli! Enyi Wasukuma! Mmemaliza kupaka ng'ombe, mmemaliza kupaka wake zenu, sasa mnapaka mpira! Nauliza tena, ni kichwa gani kilitoa shauri hili? Nataka nikione, nikipeleke kwetu watu walipe kukitazama!”

Kicheko kilitembea mpaka majini na kurudi. Nyuma ya kioo, ndani ya motokaa, kaniki haikutikisika hata kidogo. Ilikuwa imetulia kama nguo iliyoanikwa siku isiyo na upepo. Nikajua anasikia, na nikajua anaelewa, kwa mara ya kwanza, kwa nini tumechemka tangu Mabuki, na nani atakuwa amemchelewesha Minza.

“Ni mimi,” nikasema.

“Wewe?”

“Mimi. Nilidhani umekauka.”

“Unafanya kazi gani, mtani?”

“Mwalimu.”

“Umesoma wapi?”

“Kampala.”

Bakari akavua kofia yake na kuiweka kifuani kama aliye msibani. “Jamani,” akawaambia watu, “tusiwacheke tena wasiosoma.”

Walicheka mpaka mwanamke mmoja akatua kuni zake. Mimi nilicheka nao, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Kisha nikakunja mikono ya shati, nikamwomba Bakari spana, akanipa, maana mtani akishakutukana vya kutosha hukosi msaada wake.

Nikauvua mkanda. Nikaupeleka ukingoni, nikauosha kwa sabuni ya mche na maji ya moto ya muuza chai, nikausugua, nikausuuza, nikaurudia mpaka ukaacha kuteleza vidoleni. Nikayafuta magurudumu yake yote, lile la feni na lile la dainamo, kwa kitambaa na petroli. Mkanda ulipokauka nikautazama kwa ndani: ulikuwa umeng'aa kwa kuteleza lakini haujapasuka. Mfukoni mwangu, kama mfukoni mwa mwalimu yeyote, palikuwa na chaki. Nikaupaka chaki, nikaurudisha. Ikabaki boliti iliyolika. Nilivuta dainamo nje, nikakaza, na nikaiona ikirudi taratibu, kama kule uani. Ilihitaji kabari, kipande cha mti mgumu cha kuisukumia nje isirudi. Nikazunguka kutafuta. Kuni za yule mwanamke zilikuwa laini, za ukingoni mwa ziwa, zilipondeka.

Niliporudi kwenye motokaa, juu ya boneti palikuwa na mwiko. Mwiko mpya wa mama mkwe, wa mti mgumu, aliouchonga mwenyewe kwa ajili ya uji wa Minza. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Kaniki ilikuwa pale pale.

Kuku hakutumwa. Niliazima shoka la wavuvi, nikakata mpini wa mwiko, nikauchonga, nikaugongea kati ya dainamo na injini mpaka mkanda, nilipoubonyeza kwa kidole gumba, ukaingia kidogo tu kisha ukakataa. Nikazungusha hendeli. Injini ikawaka, feni ikavuma, na hakuna kilicholia.

“Kampala wamejitahidi,” akasema Bakari.

Pantoni likatoka ndani ya ukungu.

Busisi mpaka Geita

Sehemu hii sina mengi ya kueleza, ingawa ndiyo ninayoiota. Tuliposhuka Busisi, ng'ambo ya ziwa, barabara iliingia vilimani, miti ikawa mirefu, udongo ukawa mwekundu. Motokaa ilikwenda bila kilio na bila mvuke. Nilitega sikio nisikie neno “kuku” na sikulisikia. Nilifikiri mama amekasirika. Nilifikiri ameaibika, na aibu ya mama mkwe mbele ya mkwewe ni kitu ambacho hakina dawa inayojulikana. Nilimwombea Minza mtoto asubiri, na nikajiona nikimwomba Mungu apunguze mwendo wa ulimwengu wote ila motokaa moja.

Alasiri nikaanza kuhisi mdundo miguuni, kabla ya kuusikia. Zilikuwa mashine za Geita zikiponda mawe. Mji mzima unapumua kwa mdundo ule. Watu wa kule wanaongea katikati yake bila kujua.

Geita

Salum alikuwa mlangoni, uso wa majivu. Hakunisalimu. Alisema tu, “Bado. Tangu alfajiri. Anamwita mama.” Nyuma yangu mlango wa motokaa ulifunguka, na kaniki ikapita kando yangu kwa mwendo ambao sikuutegemea kwa mtu wa umri ule, ikaingia ndani, na nikasikia sauti ya Minza ikibadilika: ilikuwa inalia peke yake, sasa ikawa inamlilia mtu.

Wanaume tulikaa nje. Salum hakuweza kukaa. Alikuwa akiichukua randa yake, akiitazama, akiirudisha. Ili apate kazi ya kufanya, alimtoa tetea garini na kwenda kutafuta kisu cha kumchinjia mzazi supu. Mlango ukafunguka kiasi cha upana wa mkono.

“Salum! Huyo hapana. Tafuta mwingine.”

“Mama, si ndiye uliyemleta kwa supu?”

“Ametumwa sana. Hachinjwi.”

Mlango ukafungwa. Salum akanitazama. Nilijitia kuchunguza mkanda.

Jua lilikuwa limeshika vilele vya vilima mtoto alipolia. Ni msichana. Salum alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, juu ya takataka za mbao, akacheka na kulia kwa pamoja, na mashine za mgodi ziliendelea kudunda kana kwamba hakuna jipya.

Baadaye mama mkwe akatoka. Uwanja ulikuwa umejaa majirani. Angeweza kumtumia yeyote kati yao. Alinigeuzia mgongo, akachuchumaa, akamfungua tetea miguu, akampa punje za mtama kiganjani.

“Kuku,” akasema, taratibu. “Mwambie mwenye motokaa mtoto ni mzima, na mama yake ni mzima.”

“Kuku, mwambie mama nimefurahi sana.”

Tetea akala. Mama akangoja mpaka punje zikaisha.

“Na mwambie,” akasema, “nilisikia pale kivukoni.”

Kisha akainuka, akaingia ndani kukoroga uji kwa mwiko usio na mpini, mkono wake ukiwa karibu sana na moto.

Kurudi

Nilirudi peke yangu. Mama mkwe atakaa Geita mpaka mtoto apate nguvu, kisha nitakwenda kumchukua kabla mvua hazijakata barabara. Siku ya kuondoka nilimkuta tetea amewekwa kiti cha mbele, pale alipokuwa amekaa Masanja. Tangu Geita mpaka Shinyanga mkanda haukulia hata mara moja. Boliti mpya nimeinunua Mwanza, na imo sandukuni. Kipande cha mwiko nimekiacha mahali pake, maana kinashika vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kwa hiyo, jirani yangu, nisamehe. Kuku ninao wengine, chagua. Huyo mwekundu ana kazi.